Upepo wa Barabara ya Makere

Chuoni, Kasulu
21 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo nyumbani, na kwamba lile goti limetulia sasa mvua zinapoelekea kuisha. Mimi sijambo kabisa. Mafua niliyokuwa nayo Pasaka yamekwisha.

Maharage uliyompa Gharibu yalifika salama. Kondakta yule ana moyo, Shangazi. Basi lilichelewa kutoka Kibondo, lakini aliniwekea mzigo kwa mama lishe wa stendi ili usikae juani. Nimewapa akina mama wa jikoni wakatupikia, na chumba kizima tumekula tukikutaja jina. Ahsante sana. Wenzangu wananishangaa kuandika kwa kalamu. Wananiambia, "Nadine, si umpigie tu?" Nawajibu kwamba shangazi yangu hasikii simu tangu ule ugonjwa wa usichana wake, na meseji hazipendi, anasema ni maneno yaliyokatwa mikia. Wanacheka, lakini barua zako zikija wote wanataka nisome kwa sauti.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mwezi wa nane vyuo vya kanda yetu vitashindana mbio za baiskeli, kutoka hapa Kasulu hadi Makere na kurudi, barabara ya lami mpya ile unayopita ukija kwetu. Kuna vyuo vya ualimu, kilimo na uuguzi. Baiskeli zinazoruhusiwa ni zile za kawaida za chuma, zisizo na gia, ili tuwe sawa wote. Wasichana wawili wa kwanza wataenda mashindano ya taifa. Mwalimu Saady wa michezo alituchuja uwanjani, na mimi nimechaguliwa, Shangazi! Nadhani ni vile vilima vya kwetu nilivyokuwa napanda na madumu ya maji.

Tatizo sina baiskeli. Nimeikumbuka ile ya marehemu baba iliyotundikwa stoo. Najua ni kumbukumbu. Nitaitunza kama jicho. Naomba, kama utaona inafaa, unitumie.

Msalimie jirani yetu Pelagia na mwambie nimemkumbuka.

Mwanao,
Nadine

* * *

Kijijini, Kibondo
12 Mei 2024

Nadine mwanangu,

Marahaba sana. Imana ishimwe, Mungu asifiwe, barua yako niliipata nikitoka kanisani. Nimefurahi kusikia mafua yamekwisha. Hapa tuko salama. Goti linauma asubuhi tu, jua likitoka nalo linasahau.

Maharage ya msimu huu yameiva mapema. Upande wa bondeni mvua ya mawe iliyapiga kidogo, ya juu yamesalimika, sina cha kunung'unika. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja ana doa jeupe usoni. Pelagia amepata mjukuu wa kike, wamemwita Jeanne, na bibi mtu ametembea kijiji kizima kumtangaza hata kwa waliokwisha kumwona. Nimemsaidia kumwogesha mtoto. Mikono yangu ilikuwa imesahau, ikakumbuka. Wewe ulikuwa hivyo hivyo ulipowekwa mikononi mwangu, siku mama yako alipotutoka.

Nimekufumia sweta la rangi ya udongo. Kasulu ikifika mwezi wa sita asubuhi inakata. Usione uvivu, livae.

Ahsante kwa kunitaja jina mbele ya wenzako. Na kwa kuwasomea barua zangu kwa sauti, ingawa inanitia haya.

Kuhusu lile neno la mwisho kwenye barua yako, mwanangu, soma. Ualimu ndio uliokupeleka huko.

Nakuombea kila siku,
Shangazi yako Maximilla

* * *

Chuoni, Kasulu
2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika nikiwa ndani ya sweta. Limenitosha kama ulinipima usingizini. Hongera kwa mapacha wa mbuzi na kwa mjukuu wa Pelagia, mwambie nitakuja kumtembeza mimi sasa.

Mitihani ya nusu muhula imekwenda vizuri. Nimeanza na hilo ili usidhani mbio zimenipoteza.

Nafanya mazoezi kwa baiskeli ya mlinzi wa chuo, mzee mmoja mkarimu. Ananiazima akiwa zamu na lazima niirudishe kabla hajatoka. Kiukweli ni nzito na pedeli moja inalia, lakini nashukuru. Ninafanya na msichana anaitwa Adija, wa huko Kigoma mjini, mfupi, ana miguu kama ya swala. Tukifika mwisho tukikimbizana, simuwezi. Ila tukipanda vilima virefu yeye ndiye anayeniomba nipunguze.

Mwalimu Saady anatufundisha upepo. Sikujua kuna kitu cha kujifunza kwenye upepo! Anasema Agosti juu ya ile migongo ya Makere unavuma wa ubavuni, na anayekaa mbele anafanya kazi ya wawili. Mwingine anajificha nyuma yake kidogo pembeni, upande usiopigwa, kama kifaranga. Kisha mnapokezana. Tulijaribu, Shangazi, nikashangaa. Nyuma ya Adija ilikuwa kama nimeingia ndani ya nyumba na mtu amefunga mlango.

Hukunijibu kuhusu baiskeli. Kama iliuzwa, niambie tu, sitakasirika. Kama kuna jambo lingine, mimi si mtoto tena.

Mwanao anayekupenda,
Nadine

* * *

Kijijini, Kibondo
14 Julai 2024

Nadine,

Marahaba. Tuko wazima. Samahani kwa kukaa kimya muda mrefu, kazi za mavuno zilinizidi.

Gharibu atakukabidhi mzigo. Baiskeli niliipeleka kwa fundi wa mjini Kibondo, amekaa nayo wiki na zaidi. Ina tairi mpya mbele na nyuma, breki mpya, cheni mpya. Mwili ni ule ule. Fundi alitaka kupaka rangi, nimemkataza.

Mwanangu, kaa upande wako wa barabara. Ukisikia lori nyuma, shuka kabisa, simama kwenye majani mpaka lipite. Usinicheke. Fanya hivyo.

Siku ya mashindano mimi nitakuwa na mihogo ya kumenya na kuanika, sitaweza kuja.

Komera, jipe moyo.
Shangazi

* * *

Chuoni, Kasulu
28 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na ahsante, na ahsante tena. Natumaini mihogo inakauka vizuri na jua hili.

Sijui nianzie wapi. Gharibu aliitoa kwenye buti la basi mwenyewe, hakumruhusu mpiga debe kuigusa. Unamjua Gharibu na maneno yake, lakini siku ile aliniambia tu, "Haya, binti, mzigo wako," akabaki ameishika usukani kama hataki kuiachia. Tuliongea kidogo pale stendi. Kisha basi likaita.

Ni nyepesi kuliko nilivyodhani! Na imenyooka, Shangazi, ukiiachia mikono inakwenda yenyewe. Pale chini ya siti kuna mahali pamekwaruzwa, kuna herufi H. Nimeipitisha kidole mara nyingi. Mlinzi alipoiona akasema, "Hii ni ya mtu aliyekuwa anaipenda." Nimemwambia ndiyo.

Tumeshafika Makere na kurudi mara kadhaa. Malori nashuka, kama ulivyosema. Adija alinicheka siku ya kwanza, ya pili akashuka na yeye.

Mwalimu Saady amenipa kazi maalum siku ya mbio. Nitakueleza baadaye. Usiwe na wasiwasi, si mbaya.

Najua huwezi kuja, na wala usijisikie vibaya. Sweta lako nitalivaa asubuhi hiyo mpaka filimbi ipigwe.

Mwanao,
Nadine

* * *

Chuoni, Kasulu
28 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima, sina hata jeraha. Naanza na hilo ili usome mengine kwa utulivu. Masomo yameendelea, na Jumatatu tunaanza kufundisha kwa mazoezi katika shule ya msingi ya hapa karibu. Nimepewa darasa la tatu, hesabu.

Mbio zilikuwa Jumamosi. Upepo uliamka kabla yetu. Pale uwanjani bendera za vyuo zilikuwa zimenyooka kama mbao, na turubai la meza kuu lilishikiliwa na walimu wanne. Kabla ya kuanza Mwalimu Saady alituita, mimi na Adija, akarudia mpango: "Adija ana miguu ya mwisho, Nadine ana mapafu. Nadine, kazi yako ni kumficha mwenzio mpaka kilima cha kuingilia mjini. Baada ya hapo kila mtu na Mungu wake."

Hiyo ndiyo kazi maalum, Shangazi. Sikukuambia, kwa sababu ulihangaika kuitengeneza baiskeli ukiamini naenda kushinda. Mimi nilikuwa naenda kuwa ukuta.

Kwenda Makere kulikuwa na fujo. Wasichana wengi walitoka kwa kasi kama wamefukuzwa na nyuki, na upepo ukaanza kuwachambua mmoja mmoja. Tulipofika Makere na kulizunguka pipa la kugeuzia, mbele tulikuwa sita tu. Wanne walikuwa wa vyuo vingine, mimi na Adija. Watu walikuwa wengi kando ya barabara, wanapiga madebe. Wakongomani wafanyabiashara wa pale walikuwa wanaimba.

Kurudi ndiko kulikuwa na shughuli. Upepo sasa ulitupiga ubavu wa kushoto. Nilikaa mbele, Adija nyuma yangu upande wa kulia, gurudumu lake karibu na kisigino changu. Wale wanne hawakutaka kupokea zamu. Nikiwapungia mkono wapite, wanatazama chini. Basi nikanyonga. Macho yalijaa vumbi, mate yakakauka, lakini baiskeli ilikuwa inatii. Adija alikuwa ananiambia kwa nyuma, "Niko, dada. Niko. Niko." Maneno hayo hayo tu, ndiyo yaliyonisukuma.

Kuna mahali baada ya kupanda, mikaratusi iko kushoto, inakukinga, halafu inakatika ghafla kwenye kona na kinabaki kilima kitupu. Tulipotoka kwenye miti ile tukaanza kuteremka, upepo ulikuja kwa kishindo kama mtu amesukuma mlango. Mimi niliuegemea, nikaendelea. Nyuma yangu nikasikia vyuma. Msichana mmoja aliyumba, akamgonga Adija, wote wawili wakaenda chini.

Wale watatu waliobaki walipita. Hawakuangalia nyuma.

Nilifunga breki. Adija alikuwa amekaa kwenye lami, kiwiko kinatoka damu, na rimu yake ya mbele imepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Yule mwingine alikuwa anashika bega analia, lakini anasimama. Mwalimu Saady alikuwa kwenye pikipiki mbali nyuma. Hapakuwa na wa kuniamuru.

Adija akanipigia kelele, "Nenda! Nenda wewe, utawapata!"

Na ni kweli, Shangazi. Wale watatu walikuwa wamejificha mgongoni kwangu njia nzima, lakini nilikuwa nimewasikia wanavyohema. Ningewapata. Nilisimama pale na mguu mmoja chini, na nikafikiria jina langu likisomwa, na wewe ukiambiwa. Nilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali. Halafu nikafikiria mbio za mwisho baada ya kile kilima cha kuingilia mjini, na kwamba pale mimi simuwezi mtu yeyote, wote wananipita. Adija anamaliza.

Nikashuka. Nikamwambia, "Shika hii."

"Ya baba yako?"

"Shika, wanatuacha!"

Nikamsukuma mpaka akachanganya mwendo. Siti ilikuwa juu kidogo kwake, alikuwa ananyonga kwa ncha za vidole. Akapotea chini ya kilima.

Nililia, Shangazi. Sikulia kwa wema, nililia kwa hasira. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na chupa ya chai akaja mbio, akaniambia, "Courage, maman! Usilie, hii kitu tunaitengeneza sasa hivi." Wanaume wawili wakaivua ile rimu, wakaibana kwenye panda la mti, wakaivuta mpaka ikakubali kuzunguka. Mwalimu Saady akafika. "Baiskeli yako iko wapi?" Nikamwambia imeenda na Adija. "Nani kakwambia ufanye hivyo?" Nikamwambia hakuna. Akavua helmeti yake, akanitazama, akaivaa tena. Akaondoka kwa kasi kumfuata Adija.

Nilirudi peke yangu, gurudumu linasugua breki, upepo wote wangu. Wengi walinipita. Kisha akaja msichana wa chuo cha kilimo, Arielle, ambaye alikuwa ameachwa na wenzake tangu mwanzo. Hakunijua kabisa. Akasema, "Ingia nyuma yangu, umechoka." Akanificha mpaka nikapata pumzi, na mimi nikamficha, tukapokezana mpaka mjini. Sijui nitamlipa nini yule dada. Nilikuwa wa kumi na tisa, yeye wa kumi na nane, na tulifurahi kama vichaa.

Adija alikuwa wa pili. Anaenda taifa! Nilimkuta mstarini, hajafunga hata kidonda, ameishika ile baiskeli kama ameshika mtoto wa mtu. Alikuwa anaifuta vumbi kwa skafu yake.

Nisamehe kama ulitegemea kingine. Lakini nakushukuru. Bila wewe pasingekuwa na cha kumpa mtu.

Mwanao,
Nadine

* * *

Kijijini, Kibondo
15 Septemba 2024

Nadine mwanangu,

Marahaba, marahaba. Tunashukuru Mungu tumeamka wazima. Mapacha wa mbuzi wameanza kupigana. Jeanne wa Pelagia ameota jino. Mvua za kwanza zimetishia, hazijanyesha.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Sasa nisikilize na mimi.

Ile Jumamosi sikuwa kwenye mihogo. Nilipanda basi asubuhi. Nilimwambia Gharibu anishushe kwenye kona ya mikaratusi. Alinitazama usoni ili nione midomo yake vizuri, akaniuliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia nishushe.

Pale ndipo baba yako alipofia. Sikuwahi kukuambia mahali, nilikuambia tu "ajali." Ulikuwa mdogo, bado unalala mgongoni kwangu. Alikuwa anapeleka maharage gulioni Kasulu, mwezi huo huo wa nane. Barabara ilikuwa ya udongo, upepo ukainua vumbi, lori likaja. Dereva hakumwona, naye hakuliona. Hakuna wa kulaumiwa, tulilichunguza jambo lile mpaka tukachoka. Baiskeli waliirudisha imepinda. Niliinyoosha, nikaitundika, na tangu siku hiyo kila nikija Kasulu nikikaribia kona ile nilikuwa nafunika kichwa kwa kitenge mpaka tuipite. Ulipoiomba, nilikaa stoo nikiiangalia nikasema hapana. Nikasema hapana siku nyingi.

Kilichonibadilisha ni hiki. Nilipokuwa msichana wa umri wako nilishikwa na malaria ya kupanda kichwani. Sikuweza kukaa, sikuweza kusimama. Baba yako alikuwa na baiskeli hiyo hiyo, mpya. Aliniweka kwenye keria, akanifunga mgongoni kwake kwa kitenge cha mama yetu, kama unavyofungwa mtoto, akanyonga mpaka hospitali Kibondo. Ulikuwa msimu wa upepo. Nilikuwa sijitambui sawasawa, lakini nakumbuka shavu langu likiwa mgongoni kwake, na kwamba pale hapakuwa na upepo kabisa. Ndizo sauti za mwisho nilizosikia vizuri, pumzi zake. Dawa ilikuwa kali, ikaniponya, ikachukua masikio. Nilifanya biashara nzuri na Mungu. Ulipoandika kwamba nyuma ya Adija ilikuwa kama umeingia ndani ya nyumba, niliiweka chini karatasi yako. Kesho yake nikaiteremsha baiskeli.

Basi nilisimama juu ya ukingo wa barabara, kwenye miti, pamoja na watu wa pale. Nikakuona unakuja. Nilikujua kwa mabega, ni ya kwake. Ukapita chini yangu kabisa. Kisha nikaona baiskeli zikianguka kule mbele, na mimi nikakaa chini. Mama mmoja alinishika. Nilifunga macho. Yule mama akanigusa kidevu, akaniinua uso nitazame.

Ulikuwa umesimama. Umesimama kwa miguu yako miwili, mzima, na baiskeli ya kaka yangu inateremka kilima na mtoto mwingine juu yake.

Nilitaka kukuita. Lakini hata ningekuita, ungeitika nisingesikia. Nikakaa nikakutazama ukilia, ukinywa chai ya yule mama wa Kikongo, mpaka ulipoondoka. Basi la kurudi likanikuta pale pale. Sikujifunika kichwa.

Unaomba msamaha wa nini? Ahsante, mwana wanje, mwanangu mwenyewe. Ahsante sana.

Shangazi yako

* * *

Chuoni, Kasulu
29 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Darasa la tatu wananipenda, na mimi nawapenda, isipokuwa wawili. Kiwiko cha Adija kimepona, yuko kwenye mazoezi na amenunuliwa rimu mpya na chuo.

Barua yako sijawasomea wenzangu. Nimeisoma nyuma ya bweni.

Nilikuwa najua mahali. Nilimuuliza Gharibu siku ile aliponikabidhi baiskeli, akaniambia. Nilimwomba asikuambie kwamba najua, nikiogopa ungeichukua tena. Kumbe wewe ulikuwa unanikinga mimi, na mimi nakukinga wewe, na hapakuwa na aliyekuwa nyuma.

Mara ya kwanza kwenda Makere na Adija nilisimama pale. Nililaza baiskeli kwenye majani, nikamwambia baba shikamoo. Sikuwa na kingine cha kumwambia, sikumjua. Adija alisimama kando akavua kofia. Ndiyo maana aliniuliza, "Ya baba yako?"

Nina ombi moja. Niambie alikuwa mtu wa namna gani. Chochote, hata kidogo.

Nadine

* * *

Kijijini, Kibondo
20 Oktoba 2024

Nadine mwanangu,

Marahaba. Mvua zimeanza na tumepanda. Wote wazima, goti pia.

Nilitaka kukujibu ombi lako mapema, nikakaa na kalamu, nikaona sijui pa kuanzia. Ni miaka mingi sijalitamka jina lake. Hapa kijijini wanajua, hawalitaji mbele yangu. Nilidhani wamemsahau.

Leo ilikuwa Jumapili ya shukrani. Nilipeleka kikapu cha maharage na yule mbuzi mwenye doa. Mchungaji akanipa nafasi ya kusema neno, kama wanavyopewa wote, na wote walitegemea niseme kwa kichwa tu, kama kawaida yangu, nirudi kukaa. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa kaka yangu Havyarimana, aliyenifunga mgongoni kwake nikapona. Na kwa binti yake." Nikasema kwa sauti kubwa, nadhani. Mimi siwezi kujua. Pelagia anasema hata watoto waliokuwa nje walinyamaza.

Nikageuka kurudi mahali pangu, nikaona mzee Ndayikeza amesimama kwenye benchi la nyuma. Yule ambaye hata na mimi hasalimiani sana. Niliisoma midomo yake: "Mimi alinibebea mabati ya nyumba yangu. Alikataa hata maji." Akasimama mama mwingine. Akasimama mwingine. Mmoja alikuwa anacheka, anaonyesha kwa mikono jinsi baba yako alivyotumbukia mtoni na kuku wa bwana harusi. Mchungaji aliacha wakaendelea.

Baada ya ibada hawakuondoka. Walinizunguka uani, kila mmoja anataka nimtazame yeye midomo, wananivuta bega huku na huku. Mke wa mchungaji akatoa viti. Kumbe miaka yote hii walikuwa na kumbukumbu zake, mwanangu. Walikuwa wananisubiri mimi.

Siwezi kukuandikia yote, mkono umechoka na nusu ya maneno sikuyapata. Likizo ikianza njoo moja kwa moja, na uje na Adija. Wewe unasikia. Wamesema watakuja hapa nyumbani kukusimulia wenyewe, na mzee Ndayikeza ameshauliza ni siku gani.

Mimi ninayekushukuru,
Maximilla, dada yake Havyarimana